Mgongo wa Mama Mkwe

Kendi,

Umeenda kusukwa pale Githongo, na msusi wako ninamjua, mdomo wake una kasi kuliko vidole. Kwa hivyo nina muda wa kutosha kuandika haya kabla hujarudi. Usianze kucheka mwandiko. Mimi niliacha shule Form Two kwa sababu walimu walikuwa wamebaki nyuma, ningewangoja mpaka lini? Wewe ukasoma mpaka ukapata diploma ya ustawi wa jamii, na kesho unaenda Embu kuwa msimamizi wa watu wazima. Msimamizi! Mtu niliyembeba mgongoni kwa leso mchana kweupe, vijana wa steji ya pikipiki wakinipigia mluzi, na mimi mwenyewe nilikuwa bado natoka chunusi.

Sitakuambia ufunge mlango wa hicho chumba chako cha mtaa wa Dallas huko Embu, wala ule vizuri, wala uende kanisani. Hayo kina mama wa ushirika wamekuambia tangu Jumapili mpaka masikio yako yamechoka. Mimi nataka tumalize ile mambo ya juzi, siku tulipokuwa tunachambua maharagwe ukaniambia neno, nikawasha pikipiki nikaenda.

Unajua nilienda wapi? Mpaka Laare. Kutoka Githongo mpaka Laare kwa hasira, bila abiria, petroli yangu mwenyewe. Hakuna mtu mwingine kwa hii barabara anaweza kukasirika umbali huo bila kuanguka. Lakini hiyo ya Laare nitaifikia.

Neno lenyewe lilikuwa hivi. Ulisema kampuni yako ya Embu ina viwango. Nikacheka, na nilikuwa bado nacheka. Ukasema, "Cheka tu, Baba. Lakini kilichokufukuzisha si kubadilishana simu. Ni kunyamaza."

Kendi, hiyo ilinichoma. Kwanza kwa sababu ulisema ukiwa umeshika ungo, kama mtu anayeambia jirani habari za mvua. Halafu kwa sababu tangu nifukuzwe nimekuwa nikieleza watu hadithi yangu pale steji, na imekuwa hadithi tamu sana, watu wanashika mbavu, na ndani yake mimi ndiye mjanja na kampuni ndiyo mjinga. Wewe ukaimaliza kwa sentensi moja.

Sasa wacha niieleze vizuri mara hii, maana wewe ulikuwa chuoni na ulisikia vipande tu.

Kaunti ilipoona wazee wagonjwa wamebaki peke yao manyumbani, iliipa kampuni kazi ya kuwatembelea. Kampuni ikatuita sisi. Nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na pikipiki, nilikuwa na nguvu za kubeba mtu, na niliongea vizuri kuliko wote, usibishe. Tulipewa mafunzo kwenye hoteli, tukala kuku. Tukapewa tishati imeandikwa HESHIMA kifuani, saizi moja kwa wote. Ya Kanana, mama tuliyeajiriwa naye, ilimbana mpaka ile H ikawa inaingia kwapani. Tukapewa glavu na simu. Glavu ziliisha kabla ya mvua. Simu hazikuisha.

Hizo simu ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Ukifika kwa mzee, unafungua simu, inajua uko wapi, unapiga picha ya mzee akiwa safi na amekaa. Ofisini wanaona picha, wanajua umefanya kazi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mzee ameamkaje. Waliniuliza picha mbona ina giza. Nikawa bingwa wa picha, Kendi. Nilikuwa nakalisha mzee dirishani, namgeuza kidevu kidogo, jua linampiga upande. Dennis, yule supavaiza wetu aliyetoka Nairobi, alionyesha wenzangu picha zangu kama mfano. Nikaringa mwezi mzima. Mtu kutoka Form Two anafundisha watu kwa projekta!

Halafu wakanipa nyanya yako.

Walikuwa wanagawa wazee kwa kuangalia nani anaishi karibu. Na mimi nilikuwa karibu kabisa, migomba tu kati ya boma langu na lake. Tangu ashikwe na kiharusi upande mmoja ukakataa, mama mkwe wangu alikuwa amelala kwa nyumba yake akihudumiwa na yeyote aliyepatikana, na mimi niliponyanyua mikono kushukuru kwamba kampuni imemwandikisha, nikaona jina langu mbele ya lake.

Nilimpigia Dennis palepale.

"Bosi, huyu mama siwezi kumwosha."

"Kwa nini? Ni mkali?"

"Ni mama ya bibi yangu. Marehemu bibi yangu."

"Si ndiyo poa? Mnajuana."

"Si poa. Mimi hata mkono simpi kumsalimia. Nikimkuta njiani naingia kwa shamba la kahawa apite."

"Hiyo ni mila, bro. Sisi tunafuata viwango."

"Basi viwango vinasema mtu asihudumie jamaa yake."

Nikasikia anafunua karatasi. "Jamaa ni wa damu," akasema. "Mkwe hayuko."

Niambie wewe msomi. Mtu ameketi mahali akaandika viwango vya kuosha watu Meru, akasahau mkwe! Wewe unajua ile aibu tunaita nthoni. Si woga, wala si ushamba kama Dennis alivyofikiri. Ndiyo adabu yenyewe. Nyanya yako na mimi tulikuwa tumekaa vizuri miaka yote kwa sababu kati yetu kulikuwa na nafasi, na kila mtu aliitunza. Leo nikamvue nguo kwa sababu ya ramani ya simu?

Kwa hivyo nilifanya kile kila mtu mwenye akili angefanya. Kanana alikuwa amepewa Mzee M'Ikiara, na huyo mzee alikuwa amemfukuza Kanana kwa fimbo, akisema hajaoshwa na mwanamke tangu mama yake afe na hataanza sasa. Basi asubuhi tukawa tunakutana steji, ananipa simu yake, nampa yangu. Yeye anaenda kwa nyanya yako na simu yangu, mimi naenda kwa M'Ikiara na simu yake. Picha zinaingia sawasawa, kila mzee ameoshwa na mtu anayefaa, ofisi inafurahi. Shida ilikuwa bwana ya Kanana tu. Siku moja alipiga nikiwa nimemshika M'Ikiara kwapani kwa maji, simu ikaanza kuimba pambio, mzee akanyoosha mkono akaishika mwenyewe akasema, "Huyu mtu ananiosha, piga baadaye." Kanana alieleza hiyo maneno nyumbani kwa wiki nzima.

Hapo ndipo watu wa steji hucheka mpaka walie, na mimi ndipo nilizoea kumalizia. Nikiendelea, hakuna anayecheka.

Siku moja nilikuwa nimeinama natengeneza cheni, Kanana akaja akasimama juu yangu.

"Mwenda, mgongo wa yule mama hauko sawa. Pale chini, kwa mfupa, kumekuwa kwekundu."

"Wewe si umeona? Ripoti."

"Niripoti na nini? Kwa ofisi mimi sijawahi kukanyaga kwake. Mimi niko kwa M'Ikiara! Ripoti wewe."

"Mimi niseme nimeona mgongo wa mama mkwe? Nikiulizwa na wazee nitasema nilikuwa naangalia nini huko?"

Akaanza kucheka. Nikacheka pia. Kendi, tulicheka. Mimi nikiwa na grisi mpaka viwiko, yeye ameshika ile tishati isimpande. Akaenda nikijua ataripoti, na yeye akaenda akijua nitaripoti. Kila asubuhi tulibadilishana simu na hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sababu nzuri sana ya kutokuwa yeye.

Na picha ziliendelea kwenda. Nyanya yako amekaa, safi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Kanana alikuwa amejifunza kwangu ile ya dirisha. Nani anapiga picha ya mgongo?

Harufu ndiyo iliripoti. Ulikuja likizo, ukaingia kumsalimia, ukatoka ukiwa umebadilika uso. Ya hospitali unayajua wewe kuliko mimi, wewe ndiye ulilala kwa benchi.

Kampuni ikaitisha kikao cha viwango. Wakagundua habari ya simu, na wakafurahi, naapa walifurahi, kwa sababu sasa walikuwa na kosa linaloeleweka. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakuna glavu. Hakuna aliyeuliza kwa nini supavaiza hajawahi kuinamisha kichwa aingie kwa mlango wa mzee hata mmoja. Kanana na mimi tukafukuzwa. Mwisho wa mwaka kampuni ikaondoka, ikaja nyingine, na nani anashuka kwa gari na tishati mpya? Dennis. Sasa rangi ni kijani na kifuani wameandika UTU. M'Ikiara aliniuliza njiani, "Nyinyi mlienda wapi?" Nikawasha pikipiki nikaenda, mimi ninayejibu hata nisiloulizwa.

Kwa hivyo nilikuwa na haki ya kukasirika, na bado ninayo. Nikiona hiyo gari ya kijani damu inapanda. Lakini niligundua hasira yangu imekuwa tamu kama hadithi yangu. Kila nikiilisha, ilinipeleka mbali zaidi na ile asubuhi ya cheni. Kampuni ilikosea, nthoni ilinifunga mikono, Kanana angeweza kusema. Yote kweli. Na katikati ya ukweli wote huo kulikuwa na mtu amelala juu ya kidonda, na mimi nilikuwa nimeambiwa.

Sasa Laare. Nilipofika nilimkuta mjomba wako Kirema amekaa na wenzake wanafunga miraa kwa majani ya ndizi. Nikamwambia, Kendi anaenda Embu, na yeye ndiye amekuwa akimsafisha mama yenu tangu tumtoe hospitali tumlete kwangu, na watu wameshasema ya kusema kuhusu mama mkwe kulala kwa boma la mkwe wake. Kanana anauza nguo Nkubu, anaweza kuja Jumapili peke yake. Hao wa tishati ya kijani wamesema watamweka kwa mpango, na mpango haujui kutembea. Nani atamgeuza?

Kirema hakuacha kufunga. "Mimi ni kijana wake," akasema. "Unataka nione uchi wa mama yangu?"

"Bibi yako je?"

"Ana ng'ombe na watoto. Na hawakuelewana, unajua. Mimi nitatuma kitu kwa simu."

"Sijaomba kitu. Nimeomba mkono."

"Mwenda, wewe ni mtu wa heshima," akaniambia. "Unaelewa."

Nilielewa kabisa. Nilirudi nikielewa njia yote, na upepo unanipiga usoni. Huyo mama ana heshima ya watu wengi sana. Kijana wake anamheshimu, mkwe wake anamheshimu, kampuni imeandika heshima kifuani. Heshima imejaa nyumba mpaka hakuna mahali pa mkono kupita.

Nikafika nyumbani ukaniambia utaandikia wale wa Embu uwaombe wakungoje mpaka mwaka ujao. Ulisema kwa sauti ya chini, ukikunja matandiko, hukuniangalia. Hawatangoja, Kendi. Wewe unajua. Kuna wasichana wangapi wamekaa na diploma chini ya godoro wakiomba hiyo nafasi? Nilitaka kukukataza, halafu nikaona sina mdomo. Ningesema "nenda" halafu nani aingie kwa kile chumba? Nikanyamaza, na nilipojisikia nimenyamaza nikakumbuka neno lako. Nilikaa na hiyo siku mbili.

Leo ulipotoka tu kwenda kusukwa, nikaenda nikasimama kwa mlango wake. Sikuingia. Nilisimama pale mkwe husimama, nikaangalia chini.

"Mama, Kendi anasafiri kesho. Au anataka kukataa kusafiri."

"Nimesikia," akasema. Unajua anavyoongea sasa, maneno yanatoka kwa upande mmoja wa mdomo na yanachelewa, lakini yakifika yamefika. "Niligonjeka miguu. Masikio yapo."

"Nimekuja kuuliza kitu."

"Uliza."

"Akienda... naweza kukugeuza mimi? Na kukuosha hicho kidonda?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. Nikahesabu mbao za sakafu nikazimaliza nikaanza upya. Halafu akasema, "Ulipomtaka Karimi, binti yangu, hukuuliza. Nilisikia asubuhi kwamba ameenda. Leo ndiyo umejua kuuliza?"

"Nilikuwa mjinga, Mama."

"Bado."

Nilidhani ndiyo jibu, nikageuka niende. Akaniita.

"Kuna leso hapo kwa kiti. Kuja nayo."

Nikaichukua. Nikafikiri nimeelewa, mimi na haraka zangu, nikaanza kujifunga macho.

"Wewe ni mwendawazimu?" akasema. "Utaniosha kwa kupapasa? Mtu kutoangalia ndiko kumeniletea hiki kitu. Nifunike uso mimi. Mimi ndiye sitaki kuona mkwe wangu akiniona. Wewe fungua macho yako yote."

Nikamfunika uso, polepole, kama mtu anafunika chakula. Nikanawa mikono. Nikamgeuza vile tulifundishwa, goti kwanza halafu bega. Sikuimba, na wewe unajua mimi hubeba magunia ya kahawa nikiimba. Kutoka chini ya leso akasema, "Umenyamaza. Sema unaona nini. Na kama ni kibaya usiniambie ni kizuri."

Nikasema. Kwa sauti, kila kitu, kama mtu anasoma Biblia mbele ya kanisa. Yeye alikuwa anajibu "ee", "ee", chini ya leso. Nilipomaliza akasema niondoe leso. Hakuniangalia na sikumwangalia. Aliomba chai.

Kwa hivyo utaenda. Usinibishie mlangoni.

Na huko Embu, wale utakaowasimamia watakuwa watu kama mimi na Kanana. Watakuwa wajanja kuliko wewe. Watakupa picha nzuri, mimi mwenyewe nimewafundisha wengine. Usiwaulize walikuwa wapi saa ngapi. Waulize wameona nini. Mtu akikuambia hawezi kumwosha huyu au yule, usimtolee karatasi kama Dennis. Wabadilishe mchana kweupe, kwa majina yao, ili atakayeona awe na ruhusa ya kusema ameona. Na uingie kwa hizo nyumba wewe mwenyewe, hata kama nywele zako mpya zitagusa masizi. Sijui kama hiyo ni viwango. Wewe ndiye umesomea, utaniambia likizo, na mimi nitabisha.

Nimekaa hapa nikijaribu kufikiria kitu kizuri cha kukumalizia, na kilichobaki kichwani ni kile nilichoona. Basi nitakiandika vile ungetaka mtu wako akuandikie.

Nimemgeuza mama mkwe wangu mchana huu. Kidonda cha chini ya mgongo kimeshika pembeni, ngozi inarudi rangi. Katikati bado kuna unyevu, upana wa ukucha wa kidole gumba. Hakina harufu. Nimekiosha kwa maji ya chumvi uliyochemsha na kukifunga bandeji. Lakini upande wa kushoto wa kiuno kuna wekundu mpya. Labda asubuhi haukuwepo, labda uliuona ukaogopa nikijua nitakuambia ubaki. Nimeubonyeza na kidole, haukupotea; tulifundishwa kidonda huanza hivyo. Kwa hivyo nimemlaza kulia na mto kati ya magoti, na nimempigia muuguzi wa zahanati nikamwambia jina langu, jina la mgonjwa, na kwamba ni mimi nimeangalia. Atapita kesho. Wewe ukiwa umeshaondoka.

Baba yako,
Mwenda